Ibn Khaldun na mtaala wa watoto wetu

Kila mwaka shule zinapokaribia kufunguliwa, mazungumzo ya Waislamu wa mjini baada ya swala ya Isha huwa ni yale yale. Huyu anatafuta shule ya Kiislamu inayofundisha kwa Kiingereza. Yule anataka mwanawe ahifadhi Qur'an kwanza, hata kama ataanza darasa la kwanza akiwa amechelewa miaka miwili. Wa tatu anasema madrasa ya jioni inatosha, muhimu ni hesabu na sayansi. Kila mmoja ana hoja zake, na kila mmoja anamwona mwenzake amepotea njia.

Ndugu zangu Waislamu, ubishi huu si mpya, wala haukuletwa na shule za Wazungu. Zaidi ya miaka 600 iliyopita yupo mwanachuoni aliyekaa akaulinganisha mtaala wa nchi moja na wa nchi nyingine, akaeleza kila mmoja unamtoa mtoto wa namna gani. Huyo ni Abdurrahman Ibn Khaldun. Wengi wetu tunamsikia kama baba wa elimu ya historia na elimu ya jamii. Wachache wanamjua kama mwalimu na kadhi ambaye maisha yake yote yalizunguka swali hili la nini kitangulie katika kichwa cha mtoto. Naomba leo tuyatazame maisha yake kwa upande huo.

Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwanzoni mwa Ramadhani mwaka 732 Hijria, sawa na Mei 1332. Asili ya ukoo wake ni Hadhramaut, kule kule walikotoka mababu wa masharifu na masheikh wengi wa pwani yetu. Mababu zake waliingia Andalusia katika karne za mwanzo za Uislamu na wakawa watu wakubwa katika mji wa Ishbilia, ambao leo unaitwa Seville. Wakristo wa Kastilia walipozidi kusonga mbele, ukoo ulihama kabla mji haujaanguka mwaka 1248, ukavuka bahari na hatimaye kutua Tunis. Babu zake walishika vyeo serikalini, lakini baba yake aliiacha siasa akashughulika na elimu.

Mtoto huyu alianza kama wanavyoanza watoto wetu, yaani kwa Qur'an. Tofauti ni kwamba alipohifadhi hakuishia hapo. Aliisoma kwa visomo saba mashuhuri, kisha akasoma sarufi ya Kiarabu, mashairi, Hadithi na fiqhi ya madhehebu ya Imam Malik. Hii ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida ya mtoto wa familia ya kisomi katika mji ule.

Mwaka 1347 Sultani Abul Hasan wa ukoo wa Bani Marin, aliyekuwa akitawala Fez, aliiteka Tunis. Sultani huyu alikuwa akitembea na wanachuoni wake, na miongoni mwao alikuwapo Muhammad bin Ibrahim al-Abili, bingwa wa elimu za akili. Kwake kijana Ibn Khaldun alisoma mantiki, hesabu na falsafa. Hapo ndipo zilipokutana kichwani mwake aina mbili za elimu ambazo baadaye alizipanga vizuri: elimu za naqli, zinazopokelewa kutoka kwa waliotangulia kama tafsiri, Hadithi na fiqhi, na elimu za akili, ambazo mwanadamu huzifikia kwa kufikiri kwake, kama mantiki, hesabu, elimu ya nyota na utabibu.

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1348 na 1349 tauni iliyoangamiza sehemu kubwa ya dunia ilifika Tunis. Ibn Khaldun akiwa na umri wa miaka kama 17 alifiwa na baba, mama na walimu wake wengi. Wanachuoni waliobaki walirudi Fez, na baadaye al-Abili naye akaondoka. Mji uliokuwa umejaa darsa ukawa mtupu. Mimi naamini msiba huu ndio uliomfundisha jambo ambalo vitabu havifundishi: kwamba elimu hukaa kwa watu, si kwa majengo, na minyororo ya walimu ikikatika, mji mzima hurudi nyuma hata kama misikiti na vitabu vimebaki.

Miaka zaidi ya 20 iliyofuata aliitumia katika siasa. Alikuwa mwandishi wa watawala Tunis na Fez. Alifungwa gerezani mwaka 1357 kwa tuhuma za kula njama, akakaa karibu miaka miwili mpaka Sultani Abu Inan alipokufa. Alikwenda Granada mwaka 1362, na mwaka 1364 akatumwa kwa mfalme Pedro wa Kastilia huko Seville. Mfalme alitaka abaki kwake na akaahidi kumrudishia mali za mababu zake, alikataa. Mwaka 1365 alikuwa waziri mkuu wa mtawala wa Bijaya, na hata akiwa na cheo hicho alikuwa akikaa msikitini kufundisha. Hivyo aliyafahamu maeneo yote ya Uislamu wa magharibi kwa macho yake: Tunis, Moroko na Andalusia. Alikaa na wanachuoni wa kila mahali na aliona watoto wanavyofundishwa.

Mwaka 1375 alichoka. Alikwenda na familia yake kujificha katika ngome ya Bani Salama, katika nchi ambayo leo ni Algeria, akakaa huko karibu miaka minne. Huko, mbali na watawala na fitina zao, alianza kitabu chake cha historia. Utangulizi wa kitabu hicho, maarufu kama Muqaddima, aliukamilisha rasimu yake mwaka 1377 kwa muda wa miezi mitano tu. Sehemu ya mwisho ya Muqaddima inahusu elimu na namna ya kufundisha, na humo ndimo alimoeleza mitaala minne.

Wa kwanza ni wa Maghrib, yaani Moroko na jirani zake. Hao walimfundisha mtoto Qur'an peke yake, pamoja na namna ya kuiandika. Hakuna Hadithi, fiqhi, shairi wala sarufi mpaka amalize Qur'an au aishie njiani. Matokeo yake, walikuwa mahafidhi hodari kupita wengine. Lakini kwa kuwa mtoto hakupewa kitu kingine, lugha ilibaki dhaifu. Aliweza kusoma asichoweza kukieleza wala kukijengea hoja.

Wa pili ni wa Andalusia. Qur'an ilikuwa msingi, lakini tangu mwanzo iliambatana na mashairi, uandishi wa barua, sarufi na hati nzuri. Mtoto alitoka akiwa fasaha, mwandishi mzuri, mwenye ulimi mwepesi. Upungufu wake ulikuwa katika elimu nyingine za dini, ambazo hakuziingia vya kutosha.

Wa tatu ni wa Ifriqiya, yaani Tunis na pembeni yake. Huko Qur'an ilifundishwa pamoja na Hadithi na misingi ya baadhi ya elimu, na mkazo ukawekwa katika visomo na hati. Wa nne ni wa Mashariki, ambako kwa habari alizozipata walichanganya pia, huku hati ikiwa fani ya peke yake yenye walimu wake, kama zinavyofundishwa kazi za mikono.

Msomaji ataona kwamba Ibn Khaldun hakusema mtaala huu ni wa Kiislamu na ule si wa Kiislamu. Yote minne ilikuwa ya Waislamu, yote ilianza na Qur'an. Alichouliza ni kimoja: mtaala huu unampa mtoto nini, na unamnyima nini? Kwake, kila mtaala una faida yake na gharama yake. Mtu mwenye busara ni yule anayeijua gharama kabla ya kuchagua.

Kisha akaleta rai ya Kadhi Abu Bakr Ibn al-Arabi wa Seville, aliyefariki mwaka 1148. Huyu si yule Ibn Arabi wa tasawufi. Ni faqihi wa Kimaliki aliyesafiri Mashariki na kusoma kwa Imam Ghazali. Kadhi huyu alipendekeza kwamba mtoto aanze na lugha ya Kiarabu na mashairi yake, kisha hesabu, ndipo aingie katika Qur'an akiwa na uwezo wa kuelewa anachokisoma, na baada ya hapo aendelee na misingi ya dini, fiqhi na Hadithi. Aliona ni kumdhulumu mtoto kumsomesha asichokifahamu.

Ibn Khaldun aliisifu rai hiyo, lakini akasema desturi za watu haziikubali, na akaeleza kwa nini. Wazazi wanatanguliza Qur'an kwa kutafuta baraka na thawabu, na pia kwa hofu. Mtoto akiwa mdogo yuko chini ya amri ya wazazi. Akibaleghe, upepo wa ujana unaweza kumchukua, akaiacha elimu kabla hajaipata Qur'an. Kwa hiyo wanawahi kumpa kilicho bora zaidi wakati bado yuko mikononi mwao. Akaongeza kwamba kama kungekuwa na uhakika kuwa mtoto ataendelea kusoma mpaka mwisho, basi njia ya yule kadhi ndiyo bora kuliko zote.

Mimi kila nikiisoma hoja hii naona kama anazungumza na mzazi wa Magomeni au Likoni. Yule anayetaka mwanawe ahifadhi kwanza si mjinga wa maendeleo. Anaogopa kwamba mtoto akifika sekondari simu na marafiki watamchukua. Na yule anayekimbilia hesabu na Kiingereza si mpinga dini. Anaogopa mtoto akimaliza atakosa kazi. Mtaala wowote unajengwa juu ya hofu za wazazi. Tukijadiliana bila kuzitaja hofu hizo tutaendelea kurushiana maneno tu.

Ibn Khaldun hakuishia kwenye masomo gani yafundishwe. Aliona ubaya mkubwa zaidi upo katika namna ya kufundisha, na hapa alitaja mambo ambayo yanatuhusu moja kwa moja.

Alisema elimu ipandishwe kwa hatua, na kila somo lipitiwe mara tatu. Mara ya kwanza mwanafunzi apewe mambo makuu kwa ujumla, kulingana na akili yake. Mara ya pili aingizwe katika ufafanuzi na hitilafu za wanachuoni. Mara ya tatu asiachiwe jambo gumu lolote bila kufunguliwa. Mwalimu anayemtupia mwanafunzi mpya masuala magumu siku ya kwanza, akidhani anampa mazoezi, anamchosha akili na kumfanya aichukie elimu yenyewe.

Alipinga pia desturi ya kusomesha vitabu vya mukhtasari, vilivyobanwa maneno ili vihifadhiwe haraka, kama vile muhtasari za Ibn al-Hajib katika fiqhi. Waliovitunga walikusudia kumrahisishia mwanafunzi. Badala yake mwanafunzi hupoteza muda kufumbua maneno yaliyosongamana, na akimaliza anakuwa na maneno bila ya uwezo. Vile vile alikataza kumchanganyia mwanafunzi masomo mawili mageni kwa wakati mmoja, kwa sababu akili hugawanyika na yote mawili yakapotea. Na elimu za ala, yaani zile zinazotumika kama chombo cha kufikia nyingine, kama sarufi na mantiki, alitaka zisomwe kwa kadiri ya haja, zisije zikala umri wote mtu akafa bila kulifikia lengo.

Alitoa mfano wa muda. Katika madrasa za Moroko, mwanafunzi alikuwa akiwekewa miaka 16 ya kukaa chuoni. Tunis ilikuwa miaka mitano. Wa Moroko hakutoka na elimu zaidi. Sababu aliyoitoa ni kwamba wanafunzi wa kule walikaa kimya, wakishughulika na kuhifadhi, bila kuuliza wala kujadiliana. Uwezo wa elimu, aliouita malaka, haupatikani kwa kukariri peke yake. Unapatikana kwa ulimi kuzungumza na akili kubishana kwa adabu mbele ya mwalimu.

Na kuhusu fimbo, alikuwa mkali. Mtoto anayelelewa kwa kuonewa na kupigwa hupoteza uchangamfu, akajifunza uongo na hila ili kuikwepa adhabu. Uongo huo unakuwa tabia yake, na akikua hana tena hamu ya kujitetea wala kutetea wengine. Aliegemea kauli ya mwanachuoni Ibn Abi Zayd kwamba mwalimu akilazimika kumpiga mtoto asizidishe vipigo vitatu.

Baada ya kuyaandika haya, Ibn Khaldun alirudi Tunis mwishoni mwa mwaka 1378. Fitina za wanachuoni wenzake zikamfuata, na mwaka 1382 akapanda meli kwenda Misri. Cairo ilimstaajabisha kwa wingi wa watu na madrasa zake. Alifundisha Al-Azhar, kisha Sultani Barquq akampa nafasi katika madrasa ya Qamhiyya, na mwaka 1384 akamteua kuwa kadhi mkuu wa Wamaliki.

Mwaka huo huo meli iliyokuwa inawaleta mkewe na watoto kutoka Tunis ilizama karibu na Alexandria. Mtu aliyekwisha poteza wazazi kwa tauni akapoteza na familia yake baharini. Alijiuzia kwa Mola wake, akahiji mwaka 1387, na mwaka 1389 akawa anasomesha Hadithi katika madrasa ya Sarghatmish, kitabu kikiwa Muwatta cha Imam Malik. Alishushwa na kurudishwa ukadhi mara kadhaa, kwa sababu, kwa maelezo yake mwenyewe, hakukubali rushwa wala kuwapendelea wakubwa. Mwaka 1401 alikuwa Damascus ilipozingirwa na Timur, akateremshwa ukutani kwa kamba ili akazungumze na mshindi huyo aliyetetemesha dunia. Alifariki Cairo tarehe 25 Ramadhani 808, sawa na Machi 17, 1406, akiwa kadhi kwa mara ya sita. Alizikwa katika makaburi ya masufi nje ya Bab an-Nasr. Allah amrehemu.

Sasa turudi kwetu. Pwani yetu kwa muda mrefu ilifuata njia inayofanana na ya Maghrib. Mtoto alipelekwa chuoni, akaanza na herufi, akaingia Juzuu Amma, akapanda mpaka akahitimu msahafu. Maana ya anachosoma ilisubiri. Waliobahatika walikwenda kwenye darsa za masheikh, wakaanza na Safina na vitabu vingine vidogo vya fiqhi, ambavyo navyo ni mukhtasari. Njia hiyo ilihifadhi Qur'an vifuani mwa watu wetu wakati hatukuwa na dola wala mali, na haifai kudharauliwa. Lakini gharama yake ni ile ile aliyoitaja Ibn Khaldun: wasomaji wengi, wachache wenye kuelewa.

Ikaja shule ya serikali na ya misheni, na mtaala wa pili ukawekwa juu ya wa kwanza bila kuunganishwa. Leo mtoto wa mjini anaamka saa kumi na moja, anakwenda shule, anarudi saa tisa au kumi, anakwenda madrasa, usiku ana tuisheni. Shule haijui madrasa inafundisha nini, madrasa haijui shule inafundisha nini, na katika zote mbili bado fimbo inatumika kufidia uchovu wa mtoto. Shule zetu za Kiislamu zilipoanzishwa tulidhani tatizo limekwisha. Katika nyingi kilichofanyika ni kuiweka mitaala miwili chini ya paa moja na kuongeza idadi ya vipindi. Masomo yakafika kumi na zaidi, mengine kwa Kiarabu, mengine kwa Kiingereza, lugha ambazo mtoto bado hajazijua. Hilo ndilo Ibn Khaldun alilolikataza.

Serikali ya Tanzania ilipobadilisha mitaala, na mipya ikaanza kutumika mwaka 2024, wadau wengi walitoa maoni yao. Swali langu ni kwetu sisi wenyewe: mtaala wa madrasa zetu umepitiwa lini, na nani? Hakuna wizara inayotuzuia kuupanga. Walimu wa madrasa, walimu wa shule, maimamu na wazazi wa mtaa mmoja wanaweza kukaa na kukubaliana mtoto wa miaka saba ajue nini, wa miaka kumi ajue nini, na wa miaka 14 ajue nini. Wanaweza kukubaliana somo lipi lisubiri ili lingine lishike. Wanaweza kumpa mtoto maana ya sura fupi anazosalia kila siku, kwa Kiswahili, badala ya kungoja siku ambayo huenda isifike. Wanaweza kuzipunguza saa, na fimbo wakaiweka chini.

Na mzazi ajiulize swali la Ibn Khaldun kabla ya kulipa ada: mtaala huu unampa mwanangu nini, na unamnyima nini ambacho itanibidi nimpe mimi mwenyewe nyumbani? Miaka ambayo mtoto yuko chini ya amri yetu ni michache mno. Hata wale wazazi wa Maghrib wa karne ya nane Hijria walilijua hilo.

Wabillahi tawfiq.